Uso, mkono, alama au uhusika: hisia uziweke wapi unapozungumza kwa lugha ya alama?

Chukua sentensi fupi: "Basi limeondoka." Ukiisema kwa mdomo, sauti inakumalizia yaliyobaki. Ikipanda, umeshtuka. Ikishuka pamoja na pumzi ndefu, umekata tamaa. Ukitanguliza "ati", kuna mtu unamtilia shaka. Sasa mtu anayejifunza lugha ya alama ukubwani, awe mzazi wa mtoto kiziwi, mwalimu, muuguzi au mkalimani mchanga, hufika mahali akawa anazijua alama za basi na kuondoka vizuri kabisa, ila hasira yake hajui aiweke wapi. Akiuliza, anajibiwa: "Tumia uso."

Jibu hilo ni sahihi nusu. Uso katika lugha ya alama umeajiriwa tayari. Ndio unaouliza swali, ndio unaoweka sharti la "kama", na kichwa kinachotikisika ndicho kinachokanusha. Ukiurundikia hisia zako zote bila mpangilio, unaweza kuonekana unauliza wakati unalalamika. Ndiyo maana inafaa kuzijua njia zote nne zilizopo na kuzilinganisha kabla ya kuchagua: alama ya hisia yenyewe, uso, namna mkono unavyotembea, na kuvaa uhusika wa mtu unayemsimulia.

Neno moja kabla ya kuendelea. Lugha za alama ni nyingi, na hazifuati mipaka ya Kiswahili. Tanzania ina Lugha ya Alama ya Tanzania, Kenya ina ya kwake, Uganda ina ya kwake. Utafiti mwingi kuhusu hisia umefanywa kwenye lugha ya alama ya Marekani, ASL, kwa hiyo mifano kadhaa hapa chini inatoka huko. Utaratibu wa jumla unafanana katika lugha nyingi, lakini umbo la mdomo au la nyusi linaweza kuwa tofauti kabisa na la kwenu. La kwenu waulize viziwi wa kwenu.

Vigezo vitano

Kila njia nimeipima kwa maswali haya. Hisia ni ya nani, yako wewe unayezungumza au ya mtu unayemtaja? Je, njia hiyo inaweza kuonyesha kiwango, tofauti ya kukereka na kughadhibika? Inagongana na sarufi? Inaonekana kwa mtu aliye mbali, au kwenye skrini ndogo yenye mtandao wa kukatakata? Na mwisho, mtu aliyezoea kuzungumza kwa sauti ataipata kwa urahisi gani?

Alama ya hisia yenyewe

Hapa unaitaja hisia kama unavyotaja kitu kingine chochote: basi limeondoka, nina hasira. Katika lugha nyingi za alama, alama za hisia hukaa kifuani, na zile za kufikiri na kujua hukaa kichwani. Mtu aliyelelewa akisikia kwamba moyo ndio unaopenda na ndio unaouma hapati shida kukumbuka mgawanyo huo.

Ubora wake ni kwamba haina utata kuhusu mwenye hisia. Ukionyesha "mama" kisha "huzuni", huzuni ni ya mama. Haigongani na sarufi hata kidogo, na mkono unaonekana kutoka nyuma ya ukumbi. Wanaosikia huipata mapema kuliko njia nyingine zote, kwa sababu inafanana na kujifunza msamiati.

Udhaifu wake ni kiwango. Alama ya hasira iliyotolewa kwa uso mkavu inataarifu kwamba hasira ipo, basi. Haisemi imefika wapi. Tena, mtu anayetaja hisia zake zote kwa alama huonekana kama anasoma fomu ya hospitali: nina furaha, nina hofu, nina njaa. Na kuna tatizo kubwa zaidi: uso mkavu si uso usio na maana. Alama ya furaha kwenye uso mkavu yaweza kusomeka kama kejeli, maana kebehi katika lugha za alama mara nyingi huundwa hivyo hivyo, mkono useme jambo moja na uso ukatae.

Inamfaa anayeanza, na inamfaa yeyote anayehitaji jibu lisilo na shaka: muuguzi anayemuuliza mgonjwa kama anaogopa, au mwalimu anayemfundisha mtoto majina ya anayoyahisi.

Uso

Kiziwi anapokutazama ukizungumza haikodolei macho mikono yako. Macho yake yako usoni mwako, na mikono anaipata kwa pembeni. Kwa hiyo chochote unachofanya na nyusi, mashavu na midomo kinatua mahali anapotazama. Hakuna njia nyingine yenye nafasi nzuri kama hiyo.

Hisia inayotokea usoni bila kutajwa ni ya nani? Kwa kawaida ni yako unayezungumza. Uso uliokunjwa juu ya "basi limeondoka" unasema wewe umekasirika, si dereva. Ukitaka iwe ya dereva, utahitaji njia ya nne.

Kwa kiwango, uso ndio bingwa. Kuanzia kubana midomo kidogo hadi kutoa macho, kuna ngazi nyingi, na mtu hupita kutoka moja hadi nyingine ndani ya sentensi moja. Zaidi ya hapo, uso unabeba msimamo, yaani namna mzungumzaji anavyolichukulia jambo, kwa maumbo yenye maana maalumu. Katika ASL, ulimi ukichungulia kati ya meno wakati mkono unaonyesha kuendesha gari, maana yake ni kuendesha ovyo, bila uangalifu. Midomo ikifungwa na kusogezwa mbele kidogo, gari linaendeshwa kwa raha, bila haraka. Mkono haujabadilika, ila dereva mmoja utamwomba lifti na mwingine utamkimbia.

Hata adabu iko hapo. Jack Hoza, aliyechunguza adabu katika ASL, alionyesha kwamba mdomo hubadilika kadiri ombi linavyozidi kuwa zito. Ombi dogo huenda na midomo iliyokusanywa mbele, ombi la wastani na midomo iliyobanwa, na ombi linalomwelemea mwenzako huenda na mdomo uliovutwa pembeni hadi meno yanaonekana. Anayesikia akiona meno hayo anaweza kudhani anachekwa, kumbe anaombwa radhi. Usiyachukue maumbo hayo yalivyo ukayapeleka Dodoma au Kisumu. La kuchukua ni swali: viziwi wa hapa wakiomba jambo zito, mdomo unakuwaje?

Tuje kwenye mgongano, maana hapa ndipo penye matatizo. Katika lugha nyingi za alama, nyusi zilizoinuliwa zinaugeuza usemi kuwa swali la ndiyo au hapana. Kwa anayeanza, nyusi za mshangao ni zile zile. "Basi limeondoka!" inageuka "Basi limeondoka?" na mwenzako anakujibu badala ya kukuhurumia. Katika ASL na nyingine kadhaa, nyusi zilizokunjwa huambatana na maswali ya nani, wapi na kwa nini, na hasira nayo inakunja nyusi. Mbaya kuliko yote kwa watu wa huku kwetu ni kichwa. Sisi tukisikia habari ya kusikitisha au ya ajabu tunatikisa kichwa polepole. Katika lugha nyingi za alama, kutikisa kichwa ni kukanusha. Mtu anayetaka kusema "mama amepona, Mungu mkubwa" huku anatikisa kichwa kwa mshangao wa shukrani anaweza kueleweka kwamba mama hajapona.

Viziwi wenyewe hawachanganyikiwi, na sababu inajulikana. Ishara ya uso ya kisarufi huanza na kuisha ghafla, sambamba na maneno inayoyahusu. Ya hisia huingia taratibu, hupanda na kushuka, na hubaki hata baada ya sentensi kuisha. Ubongo nao unazitenganisha. Mwaka 1999 David Corina, Ursula Bellugi na Judy Reilly walieleza kwamba kiziwi aliyeumia upande wa kushoto wa ubongo alidhoofika katika ishara za uso za sarufi huku za hisia zikibaki, na aliyeumia upande wa kulia ikawa kinyume. Watoto pia wanashuhudia. Mtoto anayelelewa kwa ASL tangu kuzaliwa hukunja uso kwa hasira akiwa bado mchanga, lakini anapoanza kuuliza "nini?" na "wapi?" kwa mikono, kwanza huuliza kwa uso mkavu. Kukunja nyusi kwa ajili ya swali anakuja kujifunza baadaye, kama kitu kipya. Hata kwake yeye hizo ni kazi mbili.

Kwa mbali, uso ni dhaifu. Ukumbi wa kanisa, uwanja wa mikutano, kisanduku cha mkalimani kwenye kona ya televisheni: midomo iliyobanwa haifiki huko. Simu ya video yenye mtandao mbovu hufuta nyusi kwanza. Mwaka 2020 barakoa zilifunika nusu ya uso, na viziwi wakawa miongoni mwa watu wa kwanza kuona kilichopotea.

Na urahisi? Kila mtu ana uso, lakini kuutumia mbele za watu ni jambo lingine. Wengi tumelelewa kwamba mtu mzima haaniki hisia zake usoni, na mtoto mwenye adabu hamkazii macho mkubwa, huinamisha. Ukiinamisha macho mbele ya kiziwi umeyakata mazungumzo, ni sawa na kuziba masikio huku unasemeshwa. Hapa hakuna njia ya mkato. Heshima itabidi uitafute kwenye mabega yaliyolegea na mikono isiyorushwarushwa, lakini macho yabaki kwake.

Uso unamfaa anayezungumza ana kwa ana, mwenye kutaka kuonyesha msimamo wake mwenyewe, na aliyekwisha kujua nyusi zinafanya kazi gani katika lugha anayojifunza. Kwa maoni yangu, wakalimani wachanga wengi huuzidisha. Wanachezesha uso mzima kwa kila sentensi, kama waigizaji wa vichekesho, na mtazamaji anachoka kabla habari haijafika katikati.

Namna mkono unavyotembea

Alama ile ile inaweza kutolewa haraka au polepole, kwa upana au karibu na kifua, kwa vidole vilivyokakamaa au vilivyolegea, na kukatwa ghafla au kuachwa ififie. Hii ndiyo sauti ya lugha ya alama. "Limeondoka" iliyokatwa kwa mkono mkakamavu ni hasira. Iliyoachwa ianguke yenyewe hadi mapajani ni kukata tamaa. Ndogo na nyepesi, mtu pengine hakutaka kusafiri tangu mwanzo.

Hisia hapa pia ni ya mzungumzaji, isipokuwa amevaa uhusika. Kiwango kinapatikana vizuri, ingawa si kwa unyumbufu wa uso: mkono unatofautisha hasira na huzuni bila taabu, lakini wivu na aibu haviwezi peke yake. Kwa mbali inashinda uso. Mkono uliokakamaa unaonekana kutoka safu ya mwisho, na hata video ikikwama, ukubwa wa mwendo unabaki.

Mgongano upo, ingawa haufundishwi sana. Mwendo wa mkono nao ni sarufi. Katika ASL kitenzi kikirudiwa polepole kwa duara kinaonyesha jambo lililoendelea muda mrefu, na kikirudiwa haraka kinaonyesha mazoea. Mtu anayepunguza kasi ya "kusubiri" kwa sababu ana huzuni anaweza kueleweka kwamba amesubiri kutwa nzima. Ukubwa nao ni mtego: nyumba iliyoonyeshwa kwa furaha tele inaweza kuonekana jumba la ghorofa. Kinga yake ni kuieneza hisia kwenye sentensi nzima. Kasi ikibadilika kwenye kitenzi kimoja tu, mtazamaji anatafuta maana ya kisarufi. Ikibadilika kuanzia mwanzo hadi mwisho, anaona hali ya moyo.

Ugumu wake kwa anayesikia ni wa namna ya pekee. Siku za mwanzo mikono yake ina woga, hukakamaa kwa sababu anaogopa kukosea, na kiziwi anaona mtu mkali. Huwezi kuitumia njia hii mpaka mikono ilegee kwanza, na kulegea kunakuja kwa mazungumzo tu, hakuji kwa kukariri orodha ya alama.

Inamfaa mkalimani wa jukwaani, mwalimu wa darasa kubwa, na anayevaa nikabu. Huyu wa mwisho ameachiwa macho, nyusi zikiwa zimefunikwa nusu, na mdomo haupo kabisa. Mikono yake inabeba mzigo ambao kwa wengine hubebwa na mashavu. Ni wazi atapoteza maumbo ya mdomo, na pale penye utata atalazimika kuongeza alama ya hisia yenyewe.

Kuvaa uhusika

Unaposimulia maneno ya mtu, lugha ya alama hukuruhusu kuwa yeye kwa muda. Mabega yanageuka kidogo, macho yanamwacha msikilizaji na kutazama pale ambapo mtu wa pili wa hadithi angekuwa, na uso unakuwa wa mhusika. Abiria anatazama juu kwa kondakta, kondakta anatazama chini kwa abiria. Hasira ya kondakta inaonekana kwenye uso wako lakini kila mtu anajua si yako.

Kwa swali la hisia ni ya nani, hakuna njia inayoifikia hii, kwa sharti moja: macho yahame kweli. Mkalimani au msimuliaji anayevaa hasira ya mhusika huku bado anamtazama msikilizaji amemgombeza msikilizaji. Kiwango kinapatikana chote, kwa kuwa uso na mkono vyote vinashiriki. Sarufi inabaki mahali pake, kwani mhusika naye ana haki ya kuuliza na kukanusha. Kwa mbali inaonekana vizuri kuliko uso peke yake, sababu mabega ni makubwa.

Gharama yake ni ugumu. Watoto viziwi wenyewe huchukua miaka kuimudu, hasa hadithi yenye wahusika wawili au zaidi wanaopokezana. Anayesikia husahau nani yuko kushoto na nani kulia, na kufikia katikati ya kisa abiria ameanza kujigombeza mwenyewe. Na kuna mahali haifai kukolezwa. Mahakamani, mkalimani anayetafsiri ushahidi wa shambulio anatakiwa kufikisha ukali wa maneno yaliyosemwa, lakini akiuigiza zaidi ya alivyosema shahidi ameongeza ushahidi wa kwake.

Inawafaa wasimulizi, wazazi wanaosomea watoto hadithi, na wakalimani waliokomaa. Katiba ya Kenya ya 2010 inataja lugha rasmi za Bunge kuwa ni Kiswahili, Kiingereza na lugha ya ishara ya Kenya. Mbunge akimwambia mwenzake "mheshimiwa rafiki yangu" kwa sauti yenye pilipili, mkalimani akitoa alama za urafiki kwa uso wa kirafiki amepotosha hoja. Kejeli ile ni ya mbunge, na mahali pake ni kwenye uhusika.

Kwa hali yako

Kama mtoto wako amegundulika kuwa kiziwi na ndiyo kwanza unaanza, anza na alama za hisia pamoja na uso wako wa kawaida wa nyumbani, ule unaoutumia bila kufikiri. Usisubiri uijue sarufi ya nyusi. Mtoto anahitaji kuona alama ya hasira ikiwa juu ya uso wenye hasira ili aviunganishe.

Kama wewe ni mhudumu wa afya, taja hisia kwa alama na uliza moja kwa moja. Uso wa kiziwi anayeuliza swali usiuchukue kuwa ni uso wa mtu aliyekasirika au mwenye maumivu. Angalia kama umekunjuka mara tu swali lilipoisha. Na ukiwa na barakoa, simama penye mwanga na upanue mikono.

Mwalimu wa darasa la viziwi mwenye wanafunzi waliokaa mpaka nyuma atapata faida zaidi kwa mikono na mabega kuliko kwa midomo. Uso autunze kwa ajili ya sarufi, ili watoto wapate mfano safi wa maswali na ukanushi.

Mkalimani ana ugumu wake, kwa sababu karibu hisia zote anazozionyesha si zake. Mzungumzaji akiwa mmoja jukwaani, mwendo wa mikono unatosha kubeba sauti yake, pamoja na uso wa wastani. Wakiwa wawili au zaidi wanabishana, hapana budi uhusika.

Na anayeishi mbali na ndugu yake kiziwi, mazungumzo yao yakiwa ni ya simu ya video usiku na mtandao unasuasua, apunguze nakshi. Alama ya hisia kwanza, kisha mkono wenye mwendo ulio wazi. Mzaha wa nyusi na kejeli ya mdomo avisubirishe hadi mtandao utulie, maana kejeli iliyopoteza nusu ya picha inabaki tusi.

Ukishachagua na bado una shaka, jirekodi ukisema "basi limeondoka" kwa hisia tatu tofauti, kisha mwonyeshe kiziwi unayemwamini. Usimuulize kama umepatia, atakupa moyo tu. Muulize huyu mtu kwenye video anahisi nini, na kama basi lenyewe limeondoka au anaulizia.